Mpapai wa Mkuu wa Joto

Wapo watakaosema kwamba nchi ninayoisimulia haipo, na siwalaumu, maana hata ramani yake imepigwa marufuku isije ikaonyesha ukubwa wake halisi. Mimi nasema ipo. Iko juu kwenye nyanda za milima na ina baridi. Mwezi wa sita maji ya kuku huganda ndani ya kopo, na watu husalimiana huku mikono wameifutika kwapani, ndiyo maana wageni huwadhania wana kiburi. Ukiondoa hilo la baridi, ni nchi iliyojaliwa viongozi.

Mkuu wa nchi hiyo alisafiri siku moja kwenda kwa wafadhili, akalazwa katika nyumba isiyo na jiko wala moto, na bado akatokwa na jasho. Aliuliza sababu, akaonyeshwa sanduku darini. Ndani ya sanduku lile hewa iliyochoka hutoka na hewa mpya huingia, zinapishana bila kugusana kama wakwe walionuniana, na ile inayotoka humwachia mwenzake joto lake lote. Inasemekana Mkuu wa nchi alitoa machozi. "Kumbe wananchi wangu," alisema, "miaka yote hii wamekuwa wakipumua ovyo!"

Aliporudi aliunda Wizara ya Joto na Pumzi, na Wizara ikaagiza masanduku elfu arobaini. Yalipofunguliwa yalikutwa hayana kiini, yaani kile kitu cha katikati ambamo hewa mbili hupishana. Wengine walisema viini vimetolewa njiani ili meli isizame. Wengine waliapa wameviona kwenye karamu ya kupokea masanduku, vikitumika kuchuja pombe. Wizara haikubabaika hata kidogo. Wataalamu wake walijifungia hotelini wiki tatu, wakatoka wamenenepa na jibu wanalo: ikiwa sanduku haliwezi kupishanisha hewa mbili za nyumba moja, basi litumikie nyumba mbili. Nyumba moja itatoa hewa yake yenye joto, na nyumba ya pili itaipokea. Ya kwanza ikaitwa Nyumba Changizi, ya pili Nyumba Nufaika.

Swali la nani atakuwa Changizi na nani atakuwa Nufaika lilijibiwa kabla halijaulizwa.

*

Katika mtaa wa Shwari kazi ya kufunga masanduku ilipewa Fundi Sengo. Alikuwa fundi bomba wa miaka thelathini, mtu mpole mwenye vidole vinene, akapelekwa mafunzo ya siku nne na kurudi na ovaroli ya rangi ya chungwa pamoja na cheti kikubwa kuliko mlango wa choo chake. Alikuwa na jambo moja tu la kujivunia duniani. Bomba lake halivuji. Ukitaka mtukane jinsi alivyonyoa, mcheke anavyotembea, atacheka nawe. Lakini ukisema bomba lake linavuja, hamtaelewana mpaka mmoja wenu afe.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kwanza, madirisha ya Nyumba Changizi yalizibwa kwa saruji, ili joto lisitoroke. Pili, dari ilitobolewa, bomba likaingizwa, na feni ikawekwa ya kuivuta hewa kutoka ndani. Nayo feni ilitumia umeme wa nyumba hiyohiyo, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Tatu, chini ya mlango lilichongwa Tundu la Hewa Safi, ukubwa wa ngumi ya mtu mzima. Mwongozo haukusema mtu mzima yupi, kwa hiyo Wizara ilimwita bondia wa taifa wa uzito wa juu, ikampima, na vipimo vyake vikasambazwa nchi nzima.

Basi feni ikivuta joto juu, baridi ya mlimani huingia chini kwa lile tundu, ikapanda miguuni na kukaa. Watu walilalamika, kama kawaida ya watu.

"Fundi, mwanangu," alisema Bibi Nyamizi, mjane wa nyumba ya saba, akiwa amejifunga mablanketi mawili na mkeka. "Tangu uniwekee hili dude, nyumba imekuwa na baridi kuliko nje."

Fundi Sengo alikuwa amefundishwa jibu, na alilitoa kwa upole wa daktari. "Bibi, hiyo si baridi. Hiyo ni hewa safi."

"Hewa safi?"

"Safi kabisa."

"Basi hewa safi imenishika magoti, na leo nimeshindwa kuinuka kwenda msalani."

Fundi Sengo alipitisha kidole kwenye maungio ya bomba, akakuta pakavu, akafurahi. Jibu lile alilitoa katika nyumba kumi na moja za mtaa wa Shwari, na kila aliporudi nyumbani kwake alilala kwa amani. Nyumba yake haikuwa Changizi wala Nufaika. Iliitwa Nyumba Tulivu, na hiyo ndiyo heshima waliyopewa mafundi.

*

Mabomba yote kumi na moja yaliishia mahali pamoja, nyumbani kwa Bwana Kilatu, Mkuu wa Joto wa Kata.

Bwana Kilatu alipokea wageni akiwa na singlendi na taulo begani. Jasho lilimtiririka, akawa analifuta na kulisifu. "Hili si jasho langu," aliwaambia wageni, "hili ni jasho la wananchi, mimi nalitunza tu." Madirisha yake sita yalikuwa wazi asubuhi hadi jioni, maana bila hivyo mkewe alizimia. Joto la nyumba kumi na moja liliingia kwa mabomba na kutoka kwa madirisha, na mbwa wote wa mtaa walihamia chini ya madirisha yale, wakanenepa.

Katikati ya sebule, ndani ya pipa lililokatwa, palikuwa na mpapai.

Tangu nchi hiyo iumbwe, mpapai haujawahi kuzaa kwenye nyanda zile. Baridi huumaliza ukiwa mche. Mpapai wa Bwana Kilatu ulikuwa umefika dari, na umezaa tunda moja. Na Mheshimiwa Waziri alikuwa anakuja ziara. Bwana Kilatu alikuwa ameshaandika kwenye ratiba, saa tano kamili: Mheshimiwa Waziri kula papai la kwanza la nyanda za juu, ushahidi wa mafanikio ya sera. Watu wamepandishwa vyeo kwa mambo madogo kuliko hayo.

Shida ni kwamba tunda lilikaa kijani. Wiki ya kwanza kijani, wiki ya pili kijani. Mtaalamu wa kilimo aliletwa, akalibonyeza, akasema linahitaji joto la aina yake, la unyevunyevu, lisilokatika usiku na mchana. Bwana Kilatu akaita mtaalamu wa takwimu. Huyu alipekua daftari za mita akakuta jambo la ajabu: nyumba ya nne, iliyokuwa ya mwisho kwa joto, iliruka ghafla ikawa ya kwanza, ikakaa hivyo siku arobaini, kisha ikaanguka tena.

"Kulikuwa na nini huko?" aliuliza Bwana Kilatu.

"Mzazi, mkuu."

Hapo ikabidi waelezwe na mke wa Bwana Kilatu, maana wanaume wale walikuwa wasomi. Mwanamke akijifungua hakai kama watu wengine. Siku arobaini hatoki. Chini ya kitanda chake hukaa jiko la makaa, asubuhi na jioni hukandwa kwa maji ya moto, sufuria haitoki mekoni, na kila anayekuja kumpongeza anaambiwa funga mlango upesi, mtoto asipigwe na baridi. Hakuna nyumba yenye joto kama nyumba ya mzazi.

"Joto la unyevunyevu," alinong'ona mtaalamu wa kilimo.

"Lisilokatika," alisema mtaalamu wa takwimu.

Waraka ulitoka kesho yake. Kila nyumba yenye mzazi, iwe ya aina gani, iunganishwe mara moja kama Nyumba Changizi Maalumu kwa siku arobaini. Bomba lake liwe pana kuliko mengine, na mdomo wa bomba uelekezwe kwenye pipa. Kumhamisha mzazi kutoka nyumba hiyo kabla ya muda ni kosa la utoroshaji wa chanzo cha joto.

*

Sasa katika wiki hiyohiyo Zamda, binti wa Fundi Sengo, alikuwa nyumbani kwa wazazi wake. Mumewe alikuwa machimboni, na mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Ilikuwa ya miezi saba tu. Alikuwa anainama kuokota pini ya khanga uchungu ukamkamata, na kabla chai haijachemka alizaliwa mtoto wa kiume mdogo kama mche wa sabuni, mwenye masikio laini yanayokunjika.

Bibi Mashavu, mke wa Fundi Sengo, alimkausha, akamfunga pamba, akamweka kifuani chini ya nguo zake. "Haya," alimwambia mumewe, "mume wangu mpya amefika. Wewe mzee chukua mto wako ukalale jikoni."

Kwa desturi yao mjukuu wa kwanza hupewa jina la babu. Basi naye akawa Sengo, na Fundi Sengo akawa anamwita somo yangu. Alikuwa akiosha mikono, akiipasha kwenye jiko, ndipo amguse kwa ncha ya kidole kimoja, kama anavyogusa maungio mapya. Mkunga aliwaambia maneno machache: huyu si mgonjwa, ila hana joto lake mwenyewe. Joto mtampa ninyi. Akifikisha siku arobaini bila kupigwa na baridi, ataishi na atawazika nyote.

Siku ya sita barua ililetwa na mgambo. Fundi Sengo aliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Ilimtaka kufunga sanduku katika nyumba yake mwenyewe.

"Si nyumba yetu ni Tulivu?" aliuliza Bibi Mashavu.

"Ilikuwa."

Zamda alimtazama baba yake, kisha akaitazama dari.

*

Nisije nikaonekana naisingizia serikali ile. Ilikuwa na Ofisi ya Misamaha. Fundi Sengo alikwenda, akapanga foleni, akaeleza shida yake. Karani, kijana safi mwenye feni ya mkono, alimsikiliza vizuri sana.

"Mzee wangu, unadai mtoto hana joto. Hilo ni dai. Ofisi haiendi kwa madai. Mlete tumpime."

"Mwanangu, nikimtoa nje kwenye baridi hii atakufa."

"Basi mlete haraka."

Bibi Mashavu alimleta kifuani, amejifunika makoti matatu, akikimbia. Ofisi ya Misamaha, kama ofisi zote, ilikuwa Nyumba Nufaika. Ilipokea hewa ya zahanati jirani. Ndani makarani walikuwa wamevua viatu. Mtoto aliwekwa juu ya meza, kati ya mihuri, akasubirishwa saa nzima, maana kipima joto kilikuwa kimeazimwa kupimia chai. Na katika saa ile, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Sengo mdogo alichangamka. Mashavu yake yaligeuka mekundu. Alinyoosha mguu, akajamba kidogo, akatabasamu jinsi wachanga wanavyotabasamu usingizini.

Karani alimpima, akaandika, akagonga muhuri. "Ana joto la kutosha. Nathubutu kusema analo la ziada. Ombi limekataliwa."

Fundi Sengo alimtazama mjukuu wake juu ya ile meza. "Mwanangu," alimwambia karani, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji, "basi abaki hapahapa. Siku thelathini na nne tu. Hata chini ya meza."

"Mzee, hapa ni ofisini," alisema karani, na kwa kweli alikuwa na huruma, kwani aliwafungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

*

Fundi Sengo aliziba madirisha ya nyumba yake. Alitoboa dari yake. Alichonga tundu chini ya mlango wake kwa kipimo cha ngumi ya bondia, huku mgambo akisimamia. Kuziba bomba kwa tambara kusingesaidia, maana kwa Bwana Kilatu kila bomba lilikuwa na mita yenye mshale, na mshale ukilala mgambo anafika kabla ya uji kupoa.

Lakini mtu aliyefunga mita kumi na moja anazijua tabia zake. Fundi Sengo alijua kwamba mshale ule hupima hewa inakimbia kiasi gani. Haujui inakimbilia wapi. Wakati mgambo alipoinama kunywa chai, fundi alipanda darini, akachukua nyaya mbili za feni, akazibadilisha, hii hapa na ile pale, akafunika.

Feni ikaanza kuzunguka kinyume. Na joto la nyumba kumi na moja, lililokuwa limekusanyika sebuleni kwa Bwana Kilatu bila kazi, likageuka, likapita juu ya mtaa wa Shwari, likashuka kutoka darini juu ya kitanda cha Zamda.

Bibi Mashavu aliinua uso. Alivua koti la kwanza, la pili, la tatu. "Mzee Sengo," alisema, "hewa safi ya leo mbona ina moto?"

"Kula uji wako," alisema mumewe.

Siku ishirini zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuishi Fundi Sengo, na aliwahi kuishi nyingi. Mtoto alinenepa. Alipata kope. Alijifunza kulia, akalia kwa sauti ya kudai, na Fundi Sengo aliporudi kazini alisimama nje ya mlango kwanza ili amsikilize. Moyo wake ulikuwa na furaha mpaka akaona aibu, maana alijua joto lile ni la Bibi Nyamizi na wenzake. Alimpelekea Bibi Nyamizi gunia la makaa, akaliacha mlangoni, akaondoka bila kubisha hodi.

Kwa Bwana Kilatu mambo hayakuwa mazuri. Mshale wa bomba jipya ulisimama wima, kila mtu akaupongeza, lakini mpapai ulianza kuangusha majani. Bwana Kilatu alimwita fundi bora aliyemjua.

Fundi Sengo alisimama mbele ya pipa. "Mkuu, bomba halivuji."

"Najua halivuji. Kwani mti una nini?"

"Labda haujazoea hadhi."

Jibu hilo lilimridhisha Bwana Kilatu kwa siku nne nzima.

*

Siku tano kabla ya ziara palifanyika mazoezi ya ziara. Tarishi wa ofisi alipangiwa kuwa Waziri, akavalishwa suti, na ndani ya dakika kumi alikuwa ameshamfokea Mtendaji wa Kata na kuomba kiti kingine. Kilele cha sherehe kilikuwa kukata utepe. Utepe wa rangi za taifa ulifungwa kwa pini mbili mbele ya mdomo wa bomba jipya, ili upeperuke kwa pumzi ya wananchi.

Tarishi alishika mkasi. Utepe ulitikisika, ukajipinda, ukachomoka kwenye pini zote mbili, ukaingia ndani ya bomba.

Chumba kizima kilitazama tundu. Tarishi alibaki na mkasi hewani, akasahau kwamba ni Waziri.

Bwana Kilatu alifuta jasho, akamgeukia Fundi Sengo taratibu. "Fundi," alisema, kwa sauti ya chini kabisa, "utepe umekwenda wapi?"

Utepe ulikuwa umekwenda darini kwa Fundi Sengo, ukashuka na kumwangukia mtoto. Bibi Mashavu alidhani ni zawadi ya Wizara. Aliushukuru, akaukata kipande, akamfunga mjukuu wake mkononi. Mgambo walipofika ndivyo walivyomkuta, na ndivyo ilivyoandikwa katika taarifa: mtoto Sengo, umri wa siku ishirini na tisa, alikutwa na mali ya umma.

Bwana Kilatu alikuja mwenyewe, amevaa koti kwa mara ya kwanza mwaka huo. Alisimama katikati ya chumba chenye joto, akalivuta puani, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Sisi si wakatili, fundi. Nchi nyingine ungefungwa. Mimi nakuomba tu uigeuze feni, wewe mwenyewe, maana mtaa huu hauna mwingine ambaye bomba lake halivuji. Kisha iende kwa kasi ya pili. Mti umeumia."

"Mkuu, na mtoto?"

"Mtoto ni wetu sote," alisema Bwana Kilatu, na akamtekenya kidevuni.

Fundi Sengo alipanda darini. Alifikiria kukataa, na alijua wataleta fundi wa kata ya pili kabla ya saa sita. Alifikiria kuwapigia magoti, na alijua kwamba watu wa aina ile hawatazami chini. Alibadilisha nyaya. Alijichukia jinsi mikono yake ilivyoifanya kazi ile vizuri, na aliposhuka, kwa mazoea tu, alipitisha kidole kwenye maungio kuona kama panavuja. Hapakuvuja.

Mgambo aliwekwa kwenye kiti kando ya kitanda kulinda feni. Naye aliingizwa kwenye takwimu, kama mtu mzima mmoja, mwenye joto la wastani.

Ilikuwa wiki ya baridi kuliko zote. Bibi Mashavu alimlaza mtoto kifuani, Zamda akamlalia mgongoni, majiko mawili yakawekwa chini ya kitanda, na joto lote likainuka mbele ya macho yao, likaenda zake darini. Chini ya mlango upepo uliingia kwa upana wa ngumi ya bondia. Mgambo aliwapa blanketi lake, kisha akalidai tena, kwa kuwa lilikuwa na namba.

"Baba," alisema Zamda siku ya pili, "anakuwa wa baridi huyu. Miguu yake ni ya baridi."

Fundi Sengo alifungua mdomo. Maneno yalikuwa hapo ulimini, ameyasema katika nyumba kumi na moja, yakamkwama.

"Najua, baba," alisema Zamda. "Ni hewa safi. Ulishawaambia watu."

Siku ya tano asubuhi, uji ulipoiva, Bibi Mashavu alikuwa bado amemkumbatia mtoto. Alikataa kumtoa kifuani mpaka jirani mmoja alipomfungua mikono, kidole kimoja kimoja.

*

Mtaa wa Shwari una mambo mengi mabaya, lakini kwenye msiba hakai mtu nyumbani. Watu walijaa katika nyumba ile ya vyumba viwili, wakakaa mikekani, wakabanana, wakalia, wakapika chai, na pumzi zao zikapanda. Kwa Bwana Kilatu mshale wa bomba jipya uliruka mpaka kwenye nyekundu, mahali ambapo hakuna mshale uliowahi kufika. Hewa iliyotoka kwenye bomba ilikuwa na unyevunyevu wa ajabu. Saa tatu tunda lilikuwa na alama ya njano. Saa nne lilikuwa la njano lote, na sebule nzima ilinukia.

Bwana Kilatu alituma salamu za rambirambi na shukrani katika karatasi moja. Alimtuma pia mgambo amlete fundi, kwa kuwa ratiba ilisema fundi asimame kando ya sanduku wakati wa ziara, na ratiba ilikuwa imeshachapwa.

"Nazika mjukuu wangu saa tano," alisema Fundi Sengo.

"Na Waziri anakula saa tano," alisema mgambo. Naye alikuwa amelia, macho yake yalikuwa mekundu, lakini alimshika mkono hivyohivyo.

Mheshimiwa Waziri alikuwa ameshauriwa avae vyepesi. Alikuja na shati la mikono mifupi lenye picha za minazi, akaingia sebuleni, akapokewa na joto, akacheka kwa furaha. Alihutubia dakika arobaini. Alisema kwamba zamani joto la maskini lilipotea hewani, ila leo limepata mwelekeo. Alisema hewa haichanganyiki, sayansi imethibitisha. Fundi Sengo alisimama kando ya mdomo wa bomba, na ndani ya bomba, kwa mbali, alisikia sauti ya mkewe, kisha vilio vikapanda, kisha vikatoka nje ya mlango, vikapungua, vikaisha. Jeneza lilikuwa limeondoka. Hata jeneza halikuwa; lilikuwa kasha la sabuni alilolipiga randa yeye mwenyewe.

Papai lilikatwa. Waziri alikula, akafumba macho. "Mpeni na fundi," alisema. "Huyu ndiye shujaa wetu." Wakampa kipande mkononi. Wapiga picha walisubiri. Fundi Sengo alikiweka mdomoni.

"Tamu, si tamu?"

Ilikuwa tamu. Hilo ndilo ambalo hajajisamehe mpaka leo.

Sasa watu wote wa Changizi walikuwa njiani kwenda makaburini. Nyumba zote kumi na mbili zilikuwa tupu, majiko yamemwagiwa maji kama desturi ya maiti inapotoka. Mishale ilianza kulala mmoja baada ya mwingine. Mabomba yaliendelea kuvuma, maana feni hazina habari, lakini yalichotoa ni ubaridi mtupu wa vyumba vyenye matundu. Na madirisha sita ya Bwana Kilatu yalikuwa wazi. Baridi ya mlimani iliingia ikakaa chini kama mwenyeji. Vipele vilimtoka Mheshimiwa Waziri mikononi. Alijikunyata ndani ya minazi yake, kipande cha papai kikamtetemeka vidoleni.

"Mbona," alisema, meno yakigongana, "mbona humu kumekuwa na baridi?"

Bwana Kilatu alimtazama fundi.

Fundi Sengo alimeza kilichokuwa mdomoni. Alijibu kwa upole, kama alivyofundishwa.

"Hiyo si baridi, Mheshimiwa. Hiyo ni hewa safi."

Ilikuwa sentensi ya Waziri mwenyewe, ukurasa wa tatu wa mwongozo, na mbele ya wapiga picha hakuwa na mahali pa kuipinga. Alikaa nayo mpaka mwisho wa ratiba, muda wa saa mbili na nusu, midomo ikigeuka rangi ya zambarau, na wiki iliyofuata Wizara yake ilitoa waraka kwamba watoto wachanga wasizikwe saa za kazi.

Fundi Sengo alipoachiwa alikimbia, na ovaroli yake, hadi makaburini. Watu walikuwa wameshaondoka. Mchimba kaburi alikuwa anasawazisha udongo kwa mgongo wa koleo, akamwona anakuja, akavua kofia.

"Tumemlaza vizuri, fundi," alisema. "Tena nikwambie kitu, upoze moyo. Huku juu ndiko kuna baridi. Chini kule udongo una joto. Nimeushika kwa mikono yangu, una joto la kutosha."

Fundi Sengo alikuwa hajalia bado. Alizunguka kile kilima kidogo cha udongo, akiinama, akipapasa kwenye nyasi upande huu na upande ule, akitafuta kama kuna bomba.